Unga Mwekundu wa Bibi Harusi

Mzaa mwenzangu wa Wamaza tumemzika msimu huu wa mvua, na sasa naweza kuandika habari za ule unga. Alipokuwa hai nilinyamaza. Maneno ya Kasongo yanafika Wamaza kabla ya pikipiki, na neno hili lingemwumiza mwanamke ambaye alikuwa amekwisha kuumia vya kutosha.

Yeye alikuwa mama wa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Na binti yangu ni mtu wa mafuta ya manukato. Hapa mjini wako wanawake wanaouza marashi ya chupa yanayotoka Bujumbura na Dubai, lakini yeye alikuwa hauzi vya watu. Alikuwa anatengeneza. Alifundishwa na bibi yake wa upande wa baba, mwanamke wa zile familia za Waungwana wa zamani, ambaye aliweza kuingia nyumba ya mtu na kusema, jana hapa mmechoma udi mbovu. Mimi pua hiyo sina. Mimi ni mtu wa jembe na chungu. Nikinusa kitu najua kimeiva au kimeoza, basi.

Kazi yake niliiona kila siku, kwa sababu nyumba zetu zinatazamana. Alikamua mafuta ya kokwa za ngazi, matunda ya mchikichi, yale meupe, siyo yale meusi ya kukaanga. Akayalaza na karafuu, na vipande vya sandali, na asumini aliyokuwa anabadilisha kila asubuhi mpaka maua yatoke kama karatasi iliyolowa. Moshi wa udi aliukamata chini ya bakuli lililofunikwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba kwa kuni hizo ningepika maharage ya wiki nzima.

"Marashi ni mutu, Mama," aliniambia siku moja. "Iko na miguu, iko na tumbo, iko na uso."

Miguu ni udi na sandali: vinabaki mpaka kesho yake, kwenye nguo na kwenye mto. Tumbo ni asumini na karafuu. Uso ni kile kinachokufikia kwanza, mtu akipita mlangoni, kisha kinakwenda zake upesi. Na uso ndio uliokuwa unamsumbua. Alijaribu ndimu, ikafa kabla jua halijasimama. Alijaribu maganda ya matungulu, yale matunda mekundu ya msituni ambayo watoto wanafyonza, yakachacha ndani ya chupa na kutoa povu. Miaka mingi mafuta yake yalikuwa matamu tu, watu wakayanunua, na yeye mwenyewe hakuyapenda. Alisema utamu usio na uchachu unachosha kama mgeni asiyejua kuaga.

Aliyemletea uso ni mumewe.

Mkwe wangu alikuwa Mubangubangu wa upande wa Kabambare. Alizaliwa kanisani, akasilimu alipomwoa binti yangu, na mama yake hakumzuia wala hakumfuata. Kazi yake ilikuwa kuchimba dhahabu Salamabila. Wanaume wengine wanarudi kutoka huko na radio, na mabati, na bibi wa pili. Yeye siku hiyo alirudi na mkebe wa maziwa ya unga uliobonyea ubavuni, umefungwa mdomo kwa kitambaa cha kikwembe, kitenge cha bluu. Mkebe ule mama yake alikuwa amemjazia karanga za kukaanga alipokwenda mgodini mara ya kwanza, na kitambaa kile ni cha kikwembe cha mama yake. Hakuutupa. Karanga zilipokwisha aliutia chumvi, sabuni, chochote.

"Onja," alimwambia mkewe.

Nilikuwepo, nachambua majani ya sombe, nikatangulia kuonja mimi. Ulikuwa unga mwekundu wa kukoza, mzito kidogo, unashikana kwenye vidole. Ukali wake ulinifunga mataya. Nilimwambia mkwe wangu kwamba mtu akitaka kuua wakwe zake achague sumu yenye ladha. Akacheka mpaka akakaa chini. Alieleza kwamba kule mgodini yuko mtu anayechomea nyama wanunuzi wa dhahabu, na kwa wale Waarabu anainyunyizia nyama unga huo. Wanauita sumaki, siyo ile ya kuvuta chuma. Ni matunda ya kijiti kimoja cha milima mikavu, huko kwao, yanaanikwa na kutwangwa. Yeye nyama hakuijali. Alipoinama juu ya gunia la unga ule, alisema, alimsikia mkewe akilalamika juu ya uso.

Binti yangu hakuonja. Alinusa, akaufunga mkebe, akaufungua tena. Kisha akaondoka nao bila kumshukuru mtu, na sisi wawili tukabaki tunatazamana. Mkwe wangu akasema, "Ameipenda."

Sumaki haipikwi. Alijifunza hivyo kwa kuharibu mara ya kwanza: ukiichemsha inatoa harufu ya mchuzi. Unapasha mafuta yawe na joto la maji ya kuogeshea mtoto mchanga, unautia unga, unauacha juani, kisha unachuja kwa kitambaa kizito, kwa sababu mashapo yake yakibaki mafuta yanaingia uvundo. Na mimi nisiye na pua nilisikia tofauti. Kabla ya ule utamu kukufikia kulikuwa na kitu kikavu, kichachu, kama vumbi la barabara matone ya kwanza yanapoliangukia, na nyuma yake kuna mti. Mate yanakujia. Halafu asumini anaingia, na unamwona mzuri zaidi kwa sababu amechelewa. Wanawake walimwuliza kwenye shughuli, wewe umetia nini? Yeye aliwajibu, nimemtia mume wangu. Wakadhani ni utani wa watu wazima, wakapiga makofi.

Mkebe ukawa unakwenda na kurudi. Ukienda Salamabila ulikuwa na mikate ya mchele niliyooka mimi. Ukirudi ulikuwa na sumaki, ikipatikana.

Siku ya mwisho aliuleta motari, mtu wa pikipiki. Shimo lilikuwa limeanguka wakati wa mvua kubwa. Wenzake walimtoa mkwe wangu, wakamzika huko huko siku ile ile, na mama yake, kwa kuwa Wamaza si mbali na huko, aliwahi kufika kaburini. Mkewe hakuwahi kitu. Kilichomfikia ni begi lenye nguo mbili, ndala, na ule mkebe. Ulikuwa umejaa mpaka juu.

Tulikuwa tunajua kwa nini umejaa. Binti yao mkubwa, mjukuu wangu, alikuwa ameposwa na kijana wa Lusangi, na baba yake ndiye aliyepanga siku ya kumtoa. Kwetu hapa mama wa bibi harusi anachanganya mafuta ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Hayauzwi, hayaazimwi, na chupa haifunguliwi mbele ya bibi harusi mpaka saa ya kutoka. Anapakwa nywele, shingo na viganja, na anaondoka na harufu ya kwao, hata akifika ugenini na kulia usiku awe na cha kunusa. Msichana aliyetoka bila mafuta ya mama wanasema ametoka kama mgeni. Na huyu mama yake ni fundi wa mji mzima. Baba yake alitafuta sumaki ya mafuta hayo, akaipata, akafa.

Tuliwaza kuahirisha. Wazee wa upande wa baba walituma neno kwamba siku iliyowekwa na marehemu haihamishwi, itakuwa kama kumsukuma. Basi ikabaki ile ile. Bila ngoma, bila chakula kingi.

Lakini binti yangu alikuwa ndani ya eda. Mjane wa Kiislamu hatoki nje ovyo, hapambi mwili, hagusi manukato mpaka eda iishe. Nilihamia kwake, nikatoa chumbani kwake kila chupa, kila chetezo, hata sabuni ya kunukia, nikaviweka chumba cha pili, na katikati nikatundika pazia. Nilikwenda mwenyewe kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama mama anaweza kuchanganya mafuta ya harusi ya mwanawe bila kujipaka. Mwalimu ni mtu mwema. Alifikiri sana, akasema kama hajipaki, kazi ni kazi, yeye hatamkataza.

Nilirudi na ruhusa hiyo kama mtu aliyebeba samaki mkubwa. Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mikono yangu itanuka, Mama," alisema. "Mikono ikinuka, nimejipaka. Mimi najua mafuta kuliko mwalimu."

Sikumbishia. Ukali huo ni wangu, aliunyonya kwangu, na sikuona aibu. Alisema nitachanganya mimi, naye atanielekeza kutoka nyuma ya pazia. Nikamwuliza, kwa pua ipi? Akajibu kwamba tutatumia ulimi wangu. Mafuta ya sumaki yakiwa tayari niyaonje: yakinifunga mataya kama siku ile ya kwanza, yametosha.

Basi tukaanza. Mtu na mama yake, pazia katikati. Yeye anasema, weka sandali kwanza, funika, usikoroge. Mimi nakoroga. Yeye anasikia kijiko kinagonga bakuli na kusema, "Mama, nimesema usikoroge." Miguu tukaiweka, na tumbo, mafuta tukayatia chupani. Sumaki aliitaka iwe ya mwisho, asubuhi ya siku yenyewe, ipate jua hadi adhuhuri, ili uso uwe mpya mtoto atakapotoka baada ya alasiri. Mkebe tuliuacha umefungwa vile vile ulivyofungwa na marehemu. Nadhani hakutaka kukifungua kile kifundo mapema. Ulikaa kwenye kabati la chumba cha pili, na bakuli tupu la kuchanganyia kando yake.

Mzaa mwenzangu alifika siku moja kabla, kwa pikipiki, amelowa mpaka shingoni. Mto mmoja ulikuwa umejaa, motari akasema tunavuka, wakaanguka. Begi lake lilikwenda na maji, likaokolewa chini kwenye magugu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu shamba la ng'ambo. Tulikuwa na desturi ya kutaniana tangu watoto wetu walipooana, na hata msiba haukuiua yote. Alipoingia alinusa hewa.

"Ninyi wa Kasongo," alisema, "munanukia hata mukienda kuchota maji."

"Na ninyi wa Wamaza munachota maji kwa begi," nilimjibu.

Akacheka kidogo, kisha akanikumbatia, akalia begani kwangu na nguo zake mbichi. Mtoto wake wa kiume alikuwa huyo mmoja tu, marehemu.

Usiku ule alinieleza, huku nakausha nguo zake motoni, kwamba kilichomchoma si kuanguka. Kilichomchoma ni nkula. Kwao bibi harusi hatoki bila kupakwa nkula na bibi wa upande wa baba. Ni unga mwekundu wa mti, unachanganywa na mawese, anapakwa miguu, mikono na uso, na haogi mpaka afike kwa mumewe. Nkula yake yote ilikuwa imeyeyukia mtoni. Alinionyesha begi: ndani kumekuwa kwekundu kama tumbo la samaki aliyepasuliwa. Nilimwambia asubuhi tutaulizia sokoni. Alisema nkula ya sokoni ni matofali yaliyosagwa. Akaongeza kwamba mwanawe alipopita Wamaza mara ya mwisho, yeye mama alimwagiza atafute nkula nzuri Salamabila kwa ajili ya mtoto, kwa sababu watu wa msituni wanapitisha ya kweli huko. "Sijui kama alipata," alisema. Nilimpa maji ya moto, tukalala.

Asubuhi asumini ya uani haikutosha. Mvua ilikuwa imeiangusha. Nilikwenda kwa jirani wa pili kuomba maua, na kwa kuwa nyumba yenye msiba na harusi siku moja ina mengi ya kuulizwa, nilikawia. Binti yangu alikuwa chumbani kwake anasoma Kurani. Mjukuu wangu alikuwa uani, ameoga, anasubiri. Na mzaa mwenzangu aliingia chumba cha pili kutafuta kitana.

Akauona mkebe.

Hebu msomaji aone alivyoona yeye. Mkebe wake mwenyewe, na bonyeo lake ubavuni. Kitambaa cha kikwembe chake mwenyewe. Kifundo cha mwanawe, kwa sababu kila mama anajua mtoto wake anavyofunga. Ndani, unga mwekundu, umejaa mpaka juu. Na bakuli liko tayari kando yake. Angewaza nini kingine? Yeye hakuwahi kusikia neno sumaki maishani mwake. Alijua tu kwamba mwanawe alimtii, alitafuta, alipata, na kabla ya kufa alimtumia mtoto nkula yake. Hakumwita mjane, alimwonea huruma. Alikwenda jikoni, akachukua mawese.

Niliporudi na maua kwenye ungo, mjukuu wangu alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, na bibi yake anampaka. Alikuwa amekwisha kupaka miguu, mikono, mashavu na shingo. Anapaka na kusema maneno ya Kibangubangu, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia. Bakuli lilikuwa tupu. Mkebe ulikuwa umepinduliwa mdomo chini juu ya mkeka, na alikuwa ameugonga mgongoni ili hata kidogo kisibaki.

"Nkula hii haishiki rangi sana," aliniambia, bila kuinua kichwa. "Lakini ni ya mutoto wangu. Ona, aliifunga mwenyewe."

Mimi ni mwepesi wa kusema. Watoto wangu wote wanajua, na majirani wanajua. Siku hiyo nilisimama na ungo wangu wa maua. Nilimtazama machoni. Alikuwa na furaha, furaha ya pekee niliyoiona usoni kwake tangu shimo lianguke. Nikamwambia, "Paka na nyuma ya masikio. Umesahau."

Akapaka.

Kisha nikaingia chumba cha pili nikatazama mafuta yetu. Miguu iko, tumbo liko. Yalikuwa yanamngojea mtu ambaye tayari amepakwa, na aliyepakwa haogeshwi mpaka kwa mumewe, na juu ya nkula hupaki kitu. Ningemwogesha mtoto ningekuwa nimemnyang'anya bibi yake mkono wa marehemu. Nikaifunga chupa.

Sikumwambia binti yangu. Nilikaa upande wangu wa pazia natafuta neno. Yeye alikuwa amemaliza kusoma, na aliuliza kama sumaki imekwisha kutiwa, kwa sababu jua limetoka. Nilisema, "Ngoja kidogo." Akangoja. Aliponiuliza tena nikashika kuchambua maua, na yeye si mtoto.

Baada ya alasiri watu wa Lusangi walifika. Mjukuu wangu, amejifunika, akaletwa kumuaga mama yake. Nilimfuata nyuma, na mzaa mwenzangu akanifuata mimi. Nilishika pazia nikalifungua. Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba na nguo zake za eda. Mtoto hakuwa amevuka kizingiti, harufu ilivuka. Mate yalinijia mimi mwenyewe. Ule ukavu, ule uchachu wa vumbi na mvua, peke yake, bila udi, bila asumini, juu ya harufu ya mawese kama ya jikoni. Uso bila mwili.

Binti yangu alifumba macho.

"Nani amefungua mkebe?"

"Bibi amenipaka nkula, Mama," mtoto alijibu. "Ile baba alileta."

Nilimwona akielewa. Ilipita usoni kwake yote, kuanzia mtoni mpaka kwenye mkeka, na sikuwa na haja ya kumweleza. Alimtazama mama mkwe wake aliyekuwa nyuma yangu, anasubiri kusifiwa, mikono bado myekundu mpaka kwenye kifundo. Mtoto akafungua mikono kumkumbatia mama yake.

Binti yangu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Angemshika, mafuta yangemwingia mwilini na nguoni, naye yumo ndani ya eda. Alimsogelea mpaka wakatenganishwa na upana wa kiganja tu, akainama, akaweka uso wake karibu na shingo ya mwanawe pasipo kumgusa, akavuta pumzi. Kuna mtu atasema hata hilo hakupaswa. Mtu huyo akaniambie mimi, mlango wangu anaujua. Alikaa hivyo kitambo. Mtoto alikuwa analia na mikono yake hewani, hajui aiweke wapi. Halafu binti yangu akarudi nyuma akasema, "Enenda salama. Umenukia kwenu."

Mzaa mwenzangu aliona ile mikono imewekwa nyuma, na ikamchoma. Alisema kwa sauti yake ile ya shamba, lakini imevunjika, "Nkula yetu inakuchukiza, mukwe wangu? Hata leo?"

"Hapana, Mama," binti yangu alijibu. "Nkula yako ni nzuri. Niko katika eda, siwezi kugusa mafuta. Kama si eda ningejipaka na mimi."

Yule bibi akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akampeleka mtoto nje kwa watu wake, na pikipiki zikawashwa. Mimi nilibaki na pazia mkononi. Binti yangu alikaa kitandani, mikono ingali nyuma kama mtu aliyefungwa kamba. Nilimwuliza kama nimfuate mama mkwe wake nimwambie. Alisema, "Ukimwambia, utakuwa umemuua mutoto wake mara ya pili." Basi. Hatukulizungumza tena, si na yeye, si na mtu.

Kabla ya kurudi Wamaza mzaa mwenzangu aliuomba mkebe. Nikampa. Alikwenda nao ameupakata. Kila aliyepita kwake, mpaka mwaka aliougua, alimwonyesha na kumwambia kwamba mwanawe alikufa akiwa amekwisha kutimiza agizo la mama yake. Niliusikia ushuhuda huo kwa masikio yangu mara nyingi, na kila mara nilisema ndiyo, ni kweli. Na ukiutazama vizuri sikusema uongo.

Eda iliisha. Binti yangu alioga, akabadilisha nguo, nikamrudishia vyombo vyake vyote chumbani na kulitoa pazia. Ile chupa ya harusi ilikuwemo. Aliifungua, akanusa, akaimwaga nyuma ya choo. Nilikasirika kwa sababu ya mafuta mazuri. Mtu mmoja wa mgodini, rafiki wa marehemu, alimletea sumaki nyingine kwenye mfuko wa plastiki. Aliikaribisha puani, akaufunga mfuko, akanipa mimi niitie kwenye samaki. Ni nzuri kwa samaki. Yeye sasa anauza sabuni na mafuta ya taa, na wanawake wakimwomba mafuta ya harusi anawaelekeza kwa wengine.

Siku zile za kumaliza eda, mjukuu wangu alituma kifurushi kutoka Lusangi. Motari alikikabidhi mlangoni, kimefungwa gazetini. Kilikuwa kikwembe alichojifunika siku ya kutoka. Hakukifua. Alipiga simu kueleza kwamba alifika huko akaogeshwa, harufu ikaisha mwilini, lakini kwenye nguo ilibaki, akailalia, na sasa mama ametoka eda anaweza kuigusa.

Binti yangu alikaa kwenye kiti cha uani akakipakata. Kilikuwa na madoa ya mawese yaliyokauka, na wekundu kidogo kwenye pindo. Alikiweka usoni kwa mikono miwili, akakaa. Baadaye akaniletea.

Nilinusa. Nilinusa tena, nikakigeuza, nikanusa penye wekundu. Ilikuwa harufu ya mawese ya zamani, na moshi wa jiko la watu wa Lusangi. Uso ndivyo ulivyo, aliniambia mwenyewe: unakuja kwanza, unakwenda upesi.

"Iko, Mama," alisema. "Sivyo? Bado iko."

Nilikikunja kile kikwembe vizuri, ncha kwa ncha, nikamrudishia. Nikamwambia akiweke sandukuni kabla jua halijakichoma. Kisha nikaenda kutia maharage motoni.